Mwongozo kamili wa siku ya kufika: safari ya bustani ya burudani pamoja na watoto

Familia nyingi hupanga siku za ndani ya bustani kwa umakini mkubwa: mchezo gani uanze, onyesho gani lisikose, wapi pa kula mchana. Siku ya kufika huachwa ijipange yenyewe, na hapo ndipo mambo huharibika. Chumba hakijawa tayari, nguo za kuogelea ziko chini kabisa ya sanduku kubwa, mtoto mdogo analia kwenye foleni ya mapokezi, na wazazi wanabishana kama waingie bustanini "hata kwa saa mbili tu". Watoto wanalala saa 5 usiku, na asubuhi iliyogharimu pesa nyingi kuliko zote inaanza na watu waliochoka.

Siku ya kufika ina kazi moja tu. Ikifika saa 2 usiku, watoto wawe wameshiba, wameoga na wako kitandani, na kila kitu cha asubuhi kiwe kimekaa karibu na mlango. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

## Vitu vya kuwa navyo

Vianze kukusanywa angalau wiki moja kabla ya safari:

- Pasipoti, viza, tiketi, namba ya uthibitisho wa hoteli na anwani yake kamili, vyote kwenye karatasi na pia kama picha ndani ya simu.
- Barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako, kama unavuka mpaka na watoto peke yako. Maafisa wa mpakani wanaweza kuiuliza.
- Kadi mbili za benki zilizo katika akaunti tofauti.
- Begi dogo la mgongoni litakaloingia nawe ndani ya ndege. Nimelieleza katika hatua ya 4.
- Dawa zote za familia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na kipimajoto.
- Adapta ya umeme. Marekani hutumia volti 120, Japani 100, nchi nyingi za Ulaya 230. Soma maandishi madogo kwenye kila chaja: ikiandikwa 100–240V, adapta pekee inatosha. Kifaa cha kupasha moto maziwa ya mtoto mara nyingi hakina uwezo huo, kwa hiyo kikague mapema.
- Pawabanki, ambayo husafiri ndani ya ndege pamoja nawe. Hairuhusiwi kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege.
- Kigari cha mtoto kinachokunjika. Walt Disney World huko Florida hairuhusu kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132.
- Futi ya kupimia urefu wa watoto.

## Hatua ya 1: Amua kwamba siku hiyo hamuingii bustanini

Uamuzi huu ufanyike nyumbani, si mkiwa mmefika na kuanza kusikia muziki ukitokea upande wa pili wa ukuta.

Sababu ya kwanza ni tiketi. Katika bustani kubwa nyingi tiketi huhesabu siku, haihesabu saa. Ukiipitisha langoni saa 11 jioni, umetumia siku nzima, sawa na aliyeingia asubuhi milango ilipofunguliwa. Tokyo Disney Resort huuza tiketi za kuingia alasiri au jioni kwa bei ndogo, kwa hiyo huko hesabu inaweza kubadilika. Kwingine, pesa hiyo ni afadhali uiweke kwa siku kamili.

Sababu ya pili nadhani ni nzito zaidi. Mtoto aliyekaa safarini tangu alfajiri hana nafasi ya furaha kubwa mwilini mwake. Anaona kila kitu kwa mara ya kwanza akiwa na njaa na usingizi, na kumbukumbu hiyo hairudiwi.

Kama mnatamani kuonja kidogo, nendeni kwenye eneo la maduka na migahawa lililo nje ya lango, ambalo halina tiketi ya kuingilia. Orlando, mji wa Florida ulio jirani na Walt Disney World, kuna Disney Springs, na upande wa Universal, bustani nyingine kubwa ya huko, kuna CityWalk. Karibu na Paris kuna Disney Village. Tokyo kuna Ikspiari, kando ya kituo cha treni cha Maihama. Saa moja hapo inatosha.

Angalia pia hoteli yenyewe inatoa nini siku ya kufika. Mwaka 2025, kwa mfano, Walt Disney World ilianza kuwaruhusu wageni wa hoteli zake kuingia bila malipo kwenye bustani ya maji siku wanayopokelewa hotelini. Ni zawadi nzuri kwa familia inayofika asubuhi na watoto wakubwa. Kwa wanaofika saa 9 alasiri na mtoto wa miaka mitatu, bwawa la hoteli linatosha kabisa.

Waambie watoto mpango huu siku kadhaa kabla: leo tunafika, tunalala, kesho tunaingia. Umefanikiwa pale kila mtoto, hata mdogo, akiulizwa "tunaingia lini?" anajibu bila kusita.

## Hatua ya 2: Panga saa kuanzia kitandani kurudi nyuma

Wengi huanza na saa ya ndege kisha wakatumaini mengine yataenea. Anza na kitanda.

Kulala saa 2 usiku. Kula saa 12 jioni. Kuogelea au kupumzika kuanzia saa 10. Kufika hotelini saa 9 alasiri. Ukitoka nchi nyingine, kati ya ndege kutua na mizigo kushushwa mlangoni mwa hoteli weka saa 3: uhamiaji, mizigo, choo cha watoto na barabara. Kwa hiyo ndege inayofaa ni ile inayotua karibu saa 6 mchana au kabla. Kwa safari ya ndani ya nchi, saa 2 zinatosha.

Ukiona nafuu ya nauli kwenye ndege inayotua usiku, jiulize utalipa nini upande wa pili. Hoteli ya bustani hutoza usiku mzima hata ukifika saa 5 usiku. Ni busara zaidi kulala hoteli ya kawaida karibu na uwanja wa ndege na kuhamia ya bustani kesho yake. Viwanja vya Orlando na Haneda (Tokyo) vina hoteli ndani ya jengo lenyewe la abiria, na mtoto aliyesinzia unambeba hadi kitandani bila kutafuta gari.

Tahadhari kwa wanaounganisha ndege Marekani. Kwa kawaida unapita uhamiaji, unachukua mizigo na kuikabidhi upya katika uwanja wa kwanza unaotua, hata kama safari yako inaishia mji mwingine. Usikubali muda wa kuunganisha ulio chini ya saa 3 ukiwa na watoto.

## Hatua ya 3: Lipia usafiri wa uwanjani kabla ya kuondoka

Usiamini maelezo ya zamani. Mabasi ya bure ya Disney kutoka uwanja wa Orlando yalikoma mwanzoni mwa 2022, na bado kuna familia zinazoyatafuta. Leo ni gari la kukodi, teksi, au basi la kampuni binafsi linalolipiwa.

Paris ni rahisi zaidi. Kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kiko mlangoni mwa bustani, na treni ya TGV kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hufika hapo kwa takriban dakika 10. Ugumu ni kwamba TGV hazipiti kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo ratiba ya siku yako uiangalie mapema. Kutoka katikati ya mji, treni ya RER A inafika hadi kituo hicho hicho.

Tokyo kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka viwanja vya ndege vya Haneda na Narita. Ukipita kituo cha Tokyo ili upande treni ya JR Keiyo kwenda Maihama, ujue majukwaa ya njia hiyo yako mbali na mengine. Mtembeo huo, ukiwa na masanduku na mtoto mkononi, ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani.

Kiti cha mtoto cha gari kisisahaulike. Florida, ukiendesha gari, sheria inataka mtoto wa miaka 5 kushuka chini akae kwenye kiti maalumu. Kampuni ya magari ikikuambia "tutaona ukifika", chukua nyingine au beba kiti chako. Mashirika mengi ya ndege hukisafirisha bila kukitoza.

Umefanikiwa ukiwa na uthibitisho ulioandikwa: jina la kampuni, mahali pa kukutana, idadi ya abiria, idadi ya mizigo, idadi ya viti vya watoto.

## Hatua ya 4: Funga begi la siku ya kwanza

Hili ndilo jambo linalobadilisha siku nzima, na linachukua nusu saa tu kulifanya.

Hoteli nyingi za bustani hutoa vyumba saa 9 alasiri (15:00), na za Universal Orlando saa 10 (16:00). Ukifika kabla, mizigo mikubwa inawekwa stoo, nawe unabaki na ulichobeba mkononi. Kama nguo za kuogelea zimo kwenye sanduku, watoto watakaa ukumbini wakiangalia bwawa kupitia kioo.

Ndani ya begi weka: nguo za kuogelea za kila mtu, kandambili, mafuta ya kukinga jua, seti moja ya nguo safi kwa kila mtoto, nguo za kulalia, miswaki, dawa, nepi za siku nzima na mbili za ziada, tishu za maji, vitafunwa, chupa tupu za maji, chaja na adapta, na kile kitu ambacho mtoto wako hawezi kulala bila kukishika. Hicho cha mwisho kisitoke mikononi mwa mzazi safari nzima.

Vimiminika vya kawaida viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, kwa kuwa viwanja vingi bado vinafuata kanuni hiyo. Maziwa ya mtoto mchanga na dawa kwa kawaida huruhusiwa zaidi ya hapo, lakini uvitoe na kuvionyesha kwa mkaguzi mwenyewe.

Kulijaribu begi hili ni rahisi. Jiulize: masanduku yakipotea leo, tunaweza kuogelea, kula, kunywa dawa na kulala? Kama jibu ni ndiyo, lifunge.

## Hatua ya 5: Walishe kabla hawajasema wana njaa

Ndege inapoanza kushuka, mpe mtoto mdogo kitu cha kunyonya au kumeza ili masikio yafunguke. Baada ya kutua, kabla ya kuingia foleni ya uhamiaji, kila mtu aende chooni. Ukiisha kuingia foleni, kutoka ni kupoteza nafasi.

Mizigo ikishapatikana, kaeni chini dakika 15 mle na mnywe maji kabla ya kupanda gari. Utaona unapoteza muda, hasa dereva akiwa amekwisha kupiga simu. Hupotezi. Njaa ya mtoto ikianza barabarani itafikia kilele chake mbele ya meza ya mapokezi.

## Hatua ya 6: Mapokezi

Kama hoteli ina programu ya simu, jiandikishe humo siku moja au mbili kabla, na uandike saa unayotarajia kufika. Hotelini, mzazi mmoja pekee ndiye aende kwenye meza. Mwingine abaki na watoto mahali penye nafasi ya kutembea.

Uliza haya, na usiondoke bila majibu: vitanda vingapi, kitanda cha mtoto mchanga kimeshawekwa, jokofu lipo kwa ajili ya dawa, chumba kitakuwa tayari saa ngapi, nitajulishwaje, na amana ni kiasi gani.

Swali la amana huwaumiza wengi. Hoteli hushikilia kiasi cha pesa kwenye kadi yako kama dhamana, na kwa kadi ya akaunti ya kawaida pesa hiyo haitumiki hadi iachiliwe, pengine siku kadhaa baada ya kuondoka. Ndiyo maana nikasema kadi mbili: moja ya dhamana ya hoteli, nyingine ya matumizi.

Mkipewa chumba, kikagueni kabla ya kufungua masanduku. Maji ya moto, kiyoyozi, komeo la mlango wa kibarazani, kufuli la mlango wa kuunganisha vyumba. Kiti au meza iliyo karibu na ukingo wa kibaraza ihamishwe ndani mara moja. Mtoto hupanda juu yake kabla hujamaliza kuvua viatu. Kasoro yoyote itajwe hapo hapo, kwa sababu kuhama chumba saa 9 alasiri ni jambo dogo na saa 3 usiku ni adhabu.

## Hatua ya 7: Saa za maji, na mtu mmoja wa kulinda

Bwawa la hoteli ni zawadi kubwa ya siku ya kufika. Linanyoosha miili iliyokaa, linachosha watoto kwa njia nzuri, na halina foleni. Hoteli nyingi zinakuruhusu kulitumia hata chumba kikiwa bado.

Lakini hii ndiyo saa ya hatari kuliko zote za safari, na naomba uichukulie hivyo. Wazazi wamechoka, simu zina ujumbe wa kujibu, na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anazama kimya, karibu na watu.

Kwa hiyo mtajeni mmoja kwa jina: "Sasa hivi unaangalia wewe." Huyo hashiki simu, hasomi, haagizi kinywaji. Baada ya dakika 20 anakabidhi zamu kwa maneno, na mwenzake anaitikia. Kuwepo kwa mlinzi wa bwawa hakumwondolei mzazi kazi hiyo, wala maboya ya mkononi ya kupuliza si kifaa cha usalama. Asiyejua kuogelea awe mahali unapoweza kumshika kwa kunyoosha mkono.

Florida, miezi ya kiangazi huleta radi za alasiri karibu kila siku, na mabwawa hufungwa mara zinapokaribia. Kuwa na la badala: michezo ya ukumbini, au lile eneo la nje ya lango mlilochagua.

Tokeni majini saa 11 na nusu jioni. Ukingoja watoto waseme wamechoka, umechelewa.

## Hatua ya 8: Usingizi hutegemea mmetoka upande gani

Kwa waliosafiri bila kuvuka majira ya saa, hatua hii ni fupi: chakula saa 12, kuoga, kulala.

Kwa waliovuka, mwili huhama polepole, takriban saa moja kwa siku, na upande mliosafiri ndio unaoamua mpango.

Mkielekea magharibi, mwili unaamini ni usiku wa manane wakati huko ni jioni. Watoto watataka kulala saa 10 jioni. Wakilala, wataamka saa 7 usiku wakitaka kucheza. Wazuieni taratibu: mwanga wa nje, kutembea, maji, chakula chepesi, hadi angalau saa 1 usiku. Hata hivyo wataamka alfajiri, nanyi msipigane na hilo. Itumieni alfajiri hiyo: mtakuwa langoni mapema kuliko wengine, wakati foleni ni fupi kuliko saa nyingine yoyote.

Mkielekea mashariki, mambo hugeuka. Saa 2 usiku ya huko ni mchana kwa mwili, na hakuna atakayesinzia. Lazeni watoto saa hiyo hata wasipolala, taa zikiwa zimezimwa na skrini zimefichwa, na msipange kuingia bustanini alfajiri ya siku inayofuata. Tiketi ya siku ya kwanza ielekezeni kwenye saa za mchana na jioni. Wazazi wengi wamefuata ushauri wa "fika mapema" bila kujua kwamba haukuandikwa kwa ajili ya safari ya upande huu.

Mtoto mdogo anayehitaji kulala mchana alale, ila aamshwe kabla ya saa 10. Dawa za kulazimisha usingizi asipewe bila neno la daktari.

Chakula cha jioni kiwe hapo hapo hotelini au kiletwe chumbani. Mgahawa wenye wahusika wa hadithi wanaopita mezani, ule unaolipiwa ghali, uwekwe siku nyingine.

## Hatua ya 9: Kazi ya dakika 30 baada ya watoto kulala

Kagua kwanza programu ya simu ya bustani: je, tiketi za kila mtu zinaonekana? Kama ipo inayokosekana, ipigie simu huduma ya wageni usiku huo. Kama mnatumia Lightning Lane Multi Pass ya Walt Disney World, huduma ya kulipia ya kupita foleni fupi, nafasi zake mlipaswa kuchagua mapema, siku 7 kabla ya kufika kwa wageni wa hoteli za Disney na siku 3 kabla ya siku ya kuingia kwa wengine. Usiku huu ni wa kuhakiki, na kurekebisha kinachowezekana.

Kisha linganisha urefu wa kila mtoto, mliopima nyumbani akiwa amevaa viatu vya kesho, na masharti ya michezo. Vipimo vinavyojirudia Orlando ni sentimita 97, 102, 112 na 122. Disneyland Paris, Big Thunder Mountain inataka 102 na Hyperspace Mountain 120. Aliyepungukiwa mwambieni asubuhi chumbani, kwa upole. Kuambiwa na mfanyakazi mbele ya foleni, baada ya kusubiri, kunaumiza sana. Disney na Universal wana utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Karibu na mlango panga nguo za kesho kwa kila mtu, viatu vilivyokwisha kuzoeleka, makoti ya mvua, kofia, chupa za maji zilizojazwa na vitafunwa. Walt Disney World inaruhusu uingie na chakula chako, mradi vyombo visiwe vya glasi. Andika namba yako ya simu pamoja na msimbo wa nchi kwenye utepe wa mkononi wa kila mtoto. Chomeka simu zote na pawabanki.

Mwisho, kama hamkusafiri kuelekea mashariki, tega kengele. Lengo ni kuwa langoni dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Wageni wa hoteli za Walt Disney World huingia dakika 30 kabla ya wengine, kwa hiyo wao wahesabu kuanzia hapo.

Umefanikiwa kama asubuhi mnaweza kutoka chumbani bila kufungua sanduku lolote.

## Ndege ikichelewa

Mnaanza kukata, na mpangilio wa kukata uwe umekubaliwa mapema ili msibishane uwanjani. Kwanza ondoeni matembezi ya nje ya lango. Kisha bwawa. Kisha chakula cha kukaa mezani, mnunue kitu uwanjani mle njiani. Kulala, dawa na dakika 30 za maandalizi havikatwi.

Ikionekana mtafika baada ya saa 6 usiku, pigeni simu hotelini mapema mueleze. Hoteli nyingine humhesabu asiyetokea kuwa amefuta nafasi yake, na chumba kinaweza kupewa mtu mwingine. Kisha angalieni tiketi ya kesho kabla tarehe yake haijaanza: kama inakubali kubadilishwa, isogezeni siku moja mbele. Kama haikubali, zimeni kengele, laleni hadi miili itosheke, na mwingie saa 6 mchana mkiwa mmeshiba.